Anza na rodi, si na jenereta: kuchomelea pasipo na nguzo ya umeme

Jenereta iliguna, ikashusha sauti kama mtu aliyetwishwa gunia kabla hajakaa sawa, na rodi, kile kijiti cha kuchomelea, ikaganda kwenye nondo. Fundi akaipindapinda mpaka ikang'oka, akamgeukia saidia fundi wake: "Dogo, ongeza moto." Dogo akazungusha kitufe cha mashine kutoka ampia 80 hadi 110. Rodi ilipogusa tena chuma, injini ikazimika kabisa.

Ilikuwa kijiji kimoja juu ya mji wa Njombe, kwenye jengo la zahanati lililobakiza grili za madirisha tu. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia njia panda, mwendo wa bodaboda. Mashine ya kuchomelea ilikuwa inverta, ile ndogo ya kielektroniki, imeandikwa 250 kwa tarakimu zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara. Jenereta ya petroli nayo ilibandikwa stika ya 3.5 kVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta. Vyote viwili vilikuwa vizima. Kilichokosewa ni hesabu, na ilikosewa tangu dukani.

Mafundi wengi huuliza hivi: mashine ya ampia 250 inataka jenereta ya kVA ngapi? Swali hilo limeanzia katikati ya waya. Mashine inayosomeka 250 ukiiweka kwenye 80 inakula chakula cha 80. Kwa hiyo anza mwisho kabisa, kwenye ncha ya rodi, halafu urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye tangi la petroli.

Rodi ya geji 12, yaani milimita 2.5, inafanya kazi vizuri kati ya ampia 60 na 90. Geji 10, ya milimita 3.2, inataka 90 hadi 130. Zipo pia nyembamba za milimita 2, ambazo hazipatikani kila duka, na hizo zinatosheka na 40 hadi 65. Sasa jiulize ni kazi gani inafanyika huko kusiko na umeme. Mara nyingi ni grili, milango, mageti ya skwea paipu, vitanda vya bweni, jembe la trekta lililokatika. Ukiondoa hilo jembe, nyingi ya kazi hizo haziombi zaidi ya ampia 80. Skwea paipu nyembamba ukiipa 110 utaitoboa tu.

Ule moto kati ya rodi na chuma una volti zake, na si 230. Ipo kanuni ambayo watengenezaji wa mashine hutumia kupima: chukua 20, jumlisha ampia mara 0.04. Kwenye ampia 80 unapata volti 23.2. Zidisha kwa 80, unapata wati 1,856. Hizo ndizo zinazoyeyusha chuma, na hazifiki hata pasi mbili za umeme. Ndiyo maana mtu akiona kijenereta cha kilowati mbili anadhani kazi imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu bado hatujapita kwenye mashine yenyewe. Inverta ya kawaida inapoteza kama sehemu ya tano ya umeme kwa joto lake, ndiyo maana ina feni. Zile wati 1,856 zinakuwa 2,320 upande wa plagi. Halafu inakuja hatua ambayo wauzaji wengi hawaielezi.

Inverta ikipokea umeme, kwanza inaugeuza uwe wa moja kwa moja kama wa betri, inauhifadhi kwenye kapasita, kisha inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuushusha kuwa wa kuchomelea. Ukataji huo ndio unaofanya transfoma yake iwe ndogo kiasi cha fundi kubeba mashine begani. Lakini zile kapasita hazijazwi wakati wote. Zinajazwa pale tu wimbi la umeme linapofika kileleni. Badala ya kunywa polepole, mashine inapiga mafunda makubwa, kilele kwa kilele, na waya wote mpaka kwenye koili za jenereta unabeba mafunda hayo.

Hapo ndipo kW, yaani kilowati, na kVA zinapoachana. Fikiria daladala ya saa moja asubuhi. Wote waliobanana ndani ni kVA. Waliolipa nauli kamili ni kW. Wanafunzi wanajaza gari kama watu wazima, lakini mfuko wa konda hauongezeki kwa kiasi hicho. Injini ya jenereta inalemewa na kW, kwa sababu hiyo ndiyo kazi halisi inayokula petroli. Koili zake zinachemka kwa kVA, maana kila ampia inayopita ndani yake inaleta joto, iwe imelipa nauli au haikulipa. Kwa inverta za bei nafuu tunazozijua, wanaolipa nauli ni kama 65 kwa kila 100. Wati 2,320 zinakuwa takriban 3.6 kVA.

Bado kuna kuwasha moto wenyewe. Rodi inapogusa chuma, mashine nyingi zinaongeza ampia kwa kitambo kidogo ili isigande. Kwa hiyo weka akiba ya robo mpaka theluthi. Geji 12 kwenye ampia 80 inataka jenereta ya 4.5 hadi 5 kVA, za kweli. Geji 10 kwenye 120, ukirudia hesabu ileile, inakupeleka kwenye 7 na zaidi. Kama mashine yako ina vitufe vya kuongeza moto wa kuanzia na msukumo wa rodi, vishushe unapotumia jenereta.

Zipo inverta ambazo ndani zina sehemu ya kusawazisha hayo mafunda, na kwa hizo ampia 80 zinapatikana kwa 2.4 kVA tu kabla ya akiba. Zina bei. Anayefanya kazi za porini kila wiki, nadhani pesa hiyo ingemfaa zaidi kwenye mashine ya namna hii kuliko kwenye jenereta kubwa.

Mashine ya koili ni habari nyingine. Namaanisha lile dude zito la magurudumu, mengi yakiwa yamesukwa na mafundi wetu wenyewe, linalokaa nje ya karakana pembeni mwa barabara. Ndani yake ni transfoma tupu, na transfoma inapimwa kwa volti zake za kabla ya kugusisha rodi, ambazo ni 60 au 70, si zile 23 za moto. Zidisha 70 kwa 120 uone: 8.4 kVA. Hata kwenye 80 inakaribia 5 au inazipita, na ukiliwasha tu, kabla hujagusa chuma, linavuta kwa nguvu mara moja. Isitoshe mengi yamesukwa kwa fezi mbili, hayakubali kabisa soketi ya jenereta ya kawaida. Sifa yake ni ugumu, maana volti zikiyumba halifi. Mimi ningeliacha karakana.

Turudi kwenye ile stika ya 3.5. Stika inabandikwa, injini haibandikwi. Kabla ya kulipia jenereta, inama usome ujazo wa injini kwenye bloku au kwenye kibati. Injini ya cc 196, ambayo ni nguvu za farasi 6.5, inaendesha jenereta ya kilowati 2 hadi 2.5. Ya cc 389 au 390, farasi 13, inafikia kama kilowati 5. Ukiona cc 196 imebandikwa 5.5, huna haja ya kipimo kingine. Na vile vijenereta vidogo vya kuchanganya petroli na oili, vya wati 650, vitawasha taa na redio, basi.

Kibati chenyewe huwa na namba mbili. Moja ni ya juu kabisa, ambayo jenereta inaihimili kwa muda mfupi. Nyingine ni ndogo kidogo, na ndiyo ya kufanya kazi kutwa. Hesabu zako zote zifanye kwa hiyo ndogo.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo watu wa Dar es Salaam hawalijui na watu wa Njombe wanalijua bila kulipa jina. Injini ya petroli inavuta pumzi kama sisi, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, inapoteza kama asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu. Njombe iko mita 1,900 na ushei, hivyo karibu sehemu ya tano ya injini imebaki pwani. Arusha, kwenye mita 1,400, unapoteza kama asilimia 15. Nairobi inakaribia Njombe.

Sasa ile zahanati inaeleweka. Stika ilisema 3.5, injini ilikuwa cc 196, yaani kilowati 2.5 kwa ukarimu. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya mlima, zinabaki 2. Fundi aliomba ampia 80, ambazo zinataka wati 2,320 za injini na 3.6 kVA za koili. Kote kuwili alikuwa amevuka. Volti zikashuka, moto ukawa dhaifu, rodi ikaganda. Na rodi ikiganda kwenye umeme wa TANESCO, mkono wa fundi umezoea kuongeza moto. Kwenye jenereta iliyolemewa, kuongeza moto ni kuongeza gunia la pili. Dawa ilikuwa kushusha.

Kuna hatari nyingine, na hii inaua mashine badala ya kuzima injini. Jenereta ya petroli inazunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde tuliouzoea. Gavana ndiye anayelinda kasi hiyo, lakini gavana ni springi na vyuma, anachelewa. Unapochomelea, anafungua kabureta. Unapoinua rodi ghafla, mzigo umetoweka na kabureta bado iko wazi, injini inaruka kasi, na volti zinaruka nayo mpaka kifaa cha kurekebisha volti kilichomo ndani ya jenereta kiziwahi. Kikiwa kibovu, au jenereta ni ya aina isiyokuwa nacho, volti 280 si jambo la ajabu. Kilele cha wimbi la volti 280 ni 396, na kapasita za inverta nyingi zimeandikwa 400 au 450. Fundi akikuambia mashine yake "ilipiga shoti yenyewe" ikiwa kwenye jenereta, mara nyingi kilichotokea ni hicho.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa kuwasha na kuzima una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Washa injini, iache ipate joto dakika mbili tatu, ndipo uchomeke plagi na kuwasha mashine. Ukimaliza, zima mashine kwanza, acha injini ipoe bila mzigo, ndipo uzime. Na usikubali petroli ikuishie ukiwa unachomelea. Injini inayoishiwa haifi kistaarabu, inakohoa, inapanda na kushuka, na kila kikohozi kinafika kwenye mashine.

Hapohapo kuna mtihani wa kijamii. Jenereta ikinguruma kijijini, ndani ya nusu saa utaona watu wanakuja na simu na chaja, na wengine ni wazee usioweza kuwajibu vibaya. Volti zinazoyumba kila unapoinua rodi zitaua chaja, na kesi itakuwa yako. Waambie wasubiri muda wa chakula, ukiwa umezima mashine. Vivyo hivyo grainda: ndogo ya inchi nne na nusu inakula kama wati 800, kubwa ya inchi tisa zaidi ya 2,000. Anayekata asubiri anayechomelea amalize.

Waya wa kutoka kwenye jenereta mpaka kwenye mashine unasahaulika, labda kwa sababu hauna stika. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 50, ukibeba mkondo wa ampia 15 hivi tunaouzungumzia, unakula karibu volti 19 njiani. Jenereta ambayo tayari imeshuka mpaka 210 inaifikishia mashine 191. Waya wa 4 wa urefu uleule unakula 7. Kama ni ekstensheni ya kuzungushia kwenye gurudumu, ifungue yote, kwani ikibaki imejikunja inachemka hadi plastiki inaungana. Mtu akikushauri uache jenereta mbali na mashine ukarefushe nyaya za kuchomelea badala yake, mkatalie: huko mkondo ni ampia 80 na zaidi, na upotevu ni mkubwa kuliko upande wa plagi.

Kijijini kuna jibu jingine ambalo mara nyingi liko mita mia tu kutoka saiti, kwenye mashine ya kusaga. Ile injini ya dizeli ya silinda moja inayotwanga mahindi ina gurudumu zito, na gurudumu zito ndilo linalokosekana kwenye jenereta ya petroli. Rodi inapogusa chuma, nguvu ya ule mshtuko inatoka kwenye mzunguko wa chuma uliokwisha kujengeka, injini inapata muda wa kuitikia. Wenye mashine wengine hufunga dinamo pembeni na kuhamisha mkanda: mchana unga, jioni kuchomelea. Dinamo ya namna hiyo kwa kawaida inataka mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa hiyo ukubwa wa puli ndio hesabu yote. Puli ikikosewa, volti na mizunguko ya umeme vinakosewa pamoja. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka inverta ya mtu.

Zipo pia jenereta zinazochomelea zenyewe, hazihitaji mashine ya pembeni. Unachomeka nyaya za rodi na klampu, ile inayorudisha mkondo, kwenye mwili wake, na soketi ya pembeni ni ya grainda. Hiyo ni teknolojia ya wajenzi wa mabomba. Bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lina zaidi ya kilomita 1,700, na huwezi kumvutia fundi nguzo ya umeme umbali wote huo. Za petroli zinazouzwa sasa madukani zina injini zilezile za farasi 13 na zaidi, kwa hiyo kanuni ya kusoma cc badala ya stika inabaki palepale. Faida yake ni kwamba jenereta na mashine vimezaliwa pamoja, havigombani.

Kuhusu moshi nitasema kwa ukali kidogo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye silensa haina harufu wala rangi, na inaua ndani ya chumba ambacho kina hata dirisha lililo wazi. Mvua ya Njombe inapoanza, kishawishi ni kuiingiza jenereta barazani. Usiiingize. Itengenezee kibanda cha mabati nje, mbali na milango, silensa ikitazama upande upepo unakoelekea. Na yale maziwa ambayo mafundi hunywa kutoa moshi kifuani ni chakula kizuri, lakini hayaondoi sumu hii kwenye damu.

Kosa jingine nimeliona kwa jirani wa gereji: jenereta iko juu ya bodi ya lori, na fundi anachomelea bodi hilohilo, klampu ameibana mbali kwenye bampa. Mkondo wa kuchomelea hauheshimu nyaya ulizopanga, unatafuta njia iliyo rahisi kurudi. Ikiwa mwili wa jenereta umegusa chuma unachochomelea, sehemu ya ampia zile 80 inaweza kurudi kupitia waya wa ethi (ule wa usalama) wa ekstensheni, ambao ni mwembamba, na ukaungua kimyakimya. Siku ukihitaji ethi hiyo ikuokoe, haipo. Teremsha jenereta chini, au iweke juu ya ubao au tairi, na klampu ibane jirani na unapochomelea.

Tumefika kwenye tangi. Jenereta ya farasi 13 kwenye nusu ya mzigo inakunywa kama lita moja na nusu hadi mbili kwa saa. Kinachouma ni kwamba ikinguruma bure, fundi akiwa anapima na kubishana na dogo, bado inakaribia lita moja, kwa sababu lazima izunguke mara 3,000 hata kama hakuna rodi iliyogusa chuma. Kwa hiyo kazi ya jenereta hupangwa kinyume na ya karakana. Karakana unapima, unakata, unachomelea, unapima tena. Porini unakata vyote kwa msumeno wa mkono au unakuja navyo vimekatwa, unavifunga kwa klampu na waya, unahakikisha pembe zote kwa skwea, halafu unavuta kamba ya jenereta mara moja na kuchomelea mfululizo. EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Anayekubaliana bei ya kazi mwishoni mwa mwezi ili aifanye mwezi unaofuata aache nafasi kidogo kwenye hesabu yake.

Yule fundi wa zahanati hakuwa na nafasi hiyo. Alituma bodaboda mjini kuleta pakiti mbili za rodi za milimita 2, akashusha mashine hadi 55. Hesabu ya ampia 55 inatoa wati zipatazo 1,500 za injini na kVA 2.3 na ushei, na ile cc 196 ikaimeza, japo kwa kuguna. Mistari ilitoka myembamba lakini imeshika, na kwenye nondo alirudia mara mbili. Grili ya mwisho ilikaa dirishani saa kumi na moja jioni. Bei alikuwa amekubaliana na kamati ya ujenzi akiwa karakana kwake, penye Luku, na nilipoondoka alikuwa amesimama mbele ya madumu mawili matupu, akihesabu kwa vidole, dogo akisubiri aambiwe posho yake ni shilingi ngapi.